Kaunta Buku, Karatasi Nzito au la Kushona Mwenyewe? Kuchagua Daftari la Sanaa, Rangi na Kona ya Kuchorea Nyumbani

Anayetaka kuanza daftari la sanaa, lile la kuchora, kupaka, kubandika na kuandika mambo ya kila siku bila kudaiwa na mtu, mara nyingi hukimbilia kununua rangi. Hapo ndipo hela inapopotea. Rangi za bei mbaya zikipakwa kwenye karatasi nyepesi zitakuvunja moyo, na rangi za watoto wa shule zikipakwa kwenye karatasi nzito zitakupa kazi ya kuridhisha. Kwa hiyo tunaanza na karatasi, tuje kwenye rangi, halafu mahali pa kukaa. Ukikosea karatasi, hayo mengine mawili hayakuokoi.

Daftari lenyewe

Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Karatasi ya kaunta buku huwa karibu na gramu 60, ya fotokopi ni gramu 80, manila huanzia gramu 160 hivi kwenda juu, na karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya rangi za maji kwa kawaida ni gramu 300. Namba hizo zinakueleza ukurasa utahimili maji kiasi gani kabla haujakunjamana. Nyuzi za karatasi zikilowa huvimba. Sehemu iliyolowa hutanuka, iliyo kavu hubaki palepale, na ukurasa unafanya mawimbi. Karatasi nzito ina nyuzi nyingi za kuyagawana maji hayo, na ile ya rangi za maji hutiwa pia jelatini au wanga kiwandani ili isifyonze haraka.

Kaunta buku ina sifa moja ambayo daftari la bei kubwa haina: huiogopi. Mtu aliyenunua daftari la karatasi ya pamba atakaa nalo miezi akisubiri wazo linalostahili ukurasa wa kwanza. Kaunta buku unaichafua siku hiyohiyo. Jalada lake ni gumu, inapatikana kila penye stesheneri, na kurasa ni nyingi. Kwa kalamu ya wino mzito, penseli, krayoni na vipande vya kubandika, inatosha kabisa. Kwa maji, haifai ilivyo. Brashi ikipita mara ya pili palepale, uso wa karatasi huanza kutoa vijinyuzi kama vya sweta, na maka peni huvuja hadi ukurasa wa tatu.

Dawa yake ni kubandika karatasi mbili pamoja. Changanya gundi nyeupe ya mbao vijiko vitatu na maji kijiko kimoja, si zaidi. Paka kwa brashi pana kutoka katikati kwenda pembeni, laza karatasi ya pili, sugua kwa upande wa kijiko ukisukuma hewa nje. Weka mfuko wa plastiki juu na chini, funga daftari, lilaze chini ya vitabu vizito hadi kesho yake. Wengi wanaolalamikia mikunjo hapa wamezidisha maji: karatasi imeshavimba kabla gundi haijashika, na inaposinyaa inavuta makunyanzi. Ukitaka kupaka rangi juu yake, ongeza tabaka jembamba la rangi nyeupe ya ukutani, ile ya maji, iliyochanganywa na gundi kidogo. Likikauka unapata uso unaokwaruza kidogo, unaoshika rangi vizuri. Mistari ya daftari itaonekana kwa mbali. Iache.

Kaunta buku ya kubandikia ina tatizo jingine: inavimba hadi haifungi. Ondoa karatasi moja kila baada ya karatasi mbili au tatu kabla hujaanza, lakini usiing'oe. Kaunta buku imeshonwa, na kila karatasi ina pacha wake upande wa pili wa uzi. Ukiing'oa hii, ile nyingine inalegea na kudondoka wiki mbili baadaye. Ikate kwa wembe na rula, uache kisiki cha sentimita 2 karibu na mshono. Visiki hivyo ndivyo vinavyoipa nafasi migongo ya kurasa nene.

Daftari la dukani lenye karatasi ya gramu 180 hadi 250, linalouzwa kwa ajili ya vifaa mchanganyiko, ni chaguo la mtu aliyeshajua kwamba atatumia maji. Tatizo lake ni namna lilivyofungwa. Lenye waya wa mzunguko hulala wazi kabisa mezani na hupokea unene wa vitu vilivyobandikwa, ila huwezi kuchora picha moja kuvuka kurasa mbili bila waya kupita katikati. Lililoshonwa hukupa kurasa mbili zilizoungana, ila lazima ulivunje mgongo polepole, kurasa kumikumi kutoka mbele na nyuma. Lililogundishwa tu mgongoni, kama bloku ya risiti, liache dukani. Kurasa zikishavimba, gundi inaachia.

La tatu ni la kushona mwenyewe, na hili ndilo tunalolipendekeza kwa wengi, ingawa wengi huliogopa. Vifaa ni manila nyeupe nzito, sindano kubwa au shazia, uzi wa pamba, mshumaa na boksi la karatasi kwa ajili ya jalada.

Kabla hujakata, tafuta nyuzi za karatasi zimelala upande gani. Kunja manila taratibu bila kuivunja, kwa urefu halafu kwa upana. Upande unaokunjika kwa ulaini ndio uliofuata nyuzi, na mkunjo wa daftari lazima ufuate upande huo. Ukikunja dhidi ya nyuzi, mgongo unapasuka, kurasa zinajifungua zenyewe, na zikilowa zinavuta mshono. Hii ndiyo sababu kukunja manila za A4 zilizokwisha kukatwa hutoa daftari baya mara nyingi: kwa kawaida nyuzi zake zimelala kwa urefu, na wewe unakunja kwa upana. Nunua manila kubwa ukate mwenyewe vipande vya sentimita 21 kwa 29.6, sentimita 21 zikifuata nyuzi. Ukivikunja katikati unapata ukubwa wa A5.

Panga vipande 4, kimoja ndani ya kingine. Hizo ni kurasa 16. Usizidishe, kwa sababu manila nzito ikirundikwa zaidi ya hapo, karatasi za ndani husukumwa nje na ukingo unakuwa ngazi. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, pamoja na jalada: moja katikati, sentimita 10.5 kutoka juu, na mengine mawili sentimita 3 kutoka kila mwisho. Chukua uzi wa sentimita 55, uburute juu ya mshumaa mara mbili tatu ili usijisokote. Ingia tundu la katikati kutoka ndani kwenda nje, acha mkia wa sentimita 8. Nje, panda hadi tundu la juu, rudi ndani. Ndani, ruka katikati, shuka hadi tundu la chini, toka nje. Panda, rudi ndani kwa tundu la katikati. Vuta kufuata mkunjo, si kuelekea kwako, maana ukivuta kuelekea kwako uzi unachana tundu. Fundo lifungwe juu ya ule uzi mrefu wa ndani, mkia mmoja kila upande wake.

Faida yake haipo kwenye bei peke yake. Daftari la kurasa 16 linaisha. Mtu aliyemaliza vidaftari vitatu atafungua cha nne bila kusukumwa, wakati aliyefika ukurasa wa 40 wa kaunta buku yenye mamia ya kurasa bado anajihisi yuko mwanzoni.

Rangi: nini kinakauka, nini kinarudi

| | Penseli za rangi, krayoni | Rangi za maji | Posta kala | Akriliki |
|---|---|---|---|---|
| Karatasi nyepesi kuliko zote inayofaa | gramu 60 | gramu 200, afadhali 300 | gramu 160 | gramu 160, au nyepesi iliyopakwa nyeupe |
| Ukipitisha maji ikishakauka | nyingi hazibadiliki | inayeyuka | inayeyuka | haiyeyuki |
| Giza chini, nyeupe juu yake | haiwezekani | haiwezekani | inawezekana | inawezekana |
| Daftari likifungwa | krayoni huchafua ukurasa wa mbele yake | salama | hutoa unga ikiwa nyembamba, hupasuka ikiwa nene | kurasa hugandana |

Mstari wa mwisho ndio unaosahaulika dukani. Mchoro wa ukutani hauhitaji kufungwa, lakini daftari litafungwa na kufunguliwa kila siku.

Akriliki ni plastiki iliyoelea kwenye maji. Maji yakishakauka, plastiki inabaki, na plastiki hiyo hulainika kwa joto. Kurasa mbili zilizopakwa akriliki zikitazamana ndani ya daftari lililobanwa, kwenye chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, zitashikana hata kama zilipakwa wiki nyingi nyuma. Kwa mtu wa Nairobi, Arusha au Mbeya shida ni ndogo, ingawa ipo. Zipo kinga tatu: karatasi ya kuokea keki kati ya kurasa, au poda ya mtoto iliyosuguliwa kwa kitambaa kikavu na kufutwa, au kusugua mshumaa mweupe kwa wepesi juu ya rangi iliyokauka kabisa. Poda hufifisha rangi kidogo, na mshumaa huzuia usiongeze rangi tena hapo, kwa hiyo karatasi ya kuokea ndiyo isiyo na gharama kwa mchoro. Daftari lisimame rafuni, lisilale chini ya mzigo.

Mbona basi watu wanaipenda akriliki? Kwa sababu inafunika. Ukurasa ulioharibika unapakwa rangi moja na kuwa ukurasa mpya dakika chache baadaye, na kitu chochote kinashika juu yake. Kwa mwenye haraka na asiyependa kupanga, ndiyo rangi yake. Lakini brashi iliyosahauliwa na akriliki kwa usiku mmoja ni ya kutupa.

Rangi za maji ni kinyume chake. Zinahitaji subira, na nyeupe yako ni karatasi yenyewe, kwa hiyo unaanza na hafifu kwenda nzito, na kosa halifichiki. Ila kisanduku kimoja hukaa miaka, brashi huoshwa kwa maji matupu, na hakuna kinachogandana. Pwani, usifunge kisanduku kingali kibichi. Kiache wazi hadi vidonge vikauke, la sivyo ukungu mweusi utaota ndani ya siku chache.

Kuhusu visanduku vya shule vyenye rangi 12: tatizo ni nyekundu. Nyingi zina nyekundu inayoelekea chungwa, maana yake ndani yake mna njano. Ukiichanganya na buluu upate zambarau, unapata kahawia kama maji ya mtaro, halafu unadhani mkono wako ndio mbaya. Tafuta nyekundu inayoelekea waridi iliyokolea, buluu moja safi na njano ya limau. Rangi tatu hizo, zikinunuliwa moja moja kwa ubora, zinashinda kisanduku cha 24.

Posta kala ni ya katikati, na tunaona inadharauliwa bure. Hufunika kama akriliki, hulowa tena kama rangi za maji, na kasoro zake zote mbili zina tiba. Ikitoa unga kidoleni, umeizidishia maji hadi gundi yake ikazidiwa; ongeza matone mawili ya gundi nyeupe kwenye kijiko cha rangi. Ikipasuka, umeipaka nene juu ya karatasi inayopindika; paka tabaka mbili nyembamba badala ya moja.

Rangi ya mafuta ya makopo, iache nje ya daftari. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya kupaka baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na hapo ndipo mahali pake: ubao haunywi mafuta kama karatasi. Kwenye daftari mafuta husambaa na kuacha duara la njano nyuma ya ukurasa, na harufu yake haikai chumba kimoja na kitanda.

Kubandika hakumo kwenye jedwali kwa sababu kunaendana na chochote, ila kuna mambo mawili ya kujua. Picha iliyochapwa kwa mashine ya wino wa maji itatiririka ikiguswa na gundi mbichi. Peleka kwenye mashine ya fotokopi, wino wake wa unga hautiririki. Na kipande cha kanga au kitenge kisikatwe kikiwa kitupu. Paka gundi nyeupe upande wa nyuma, acha ikauke hadi kitambaa kiwe kigumu kama karatasi, ndipo ukate. Ukingo hautatoa nyuzi. Kanga iliyochakaa ni hazina hasa: pindo linatoa fremu ya ukurasa, mji unatoa maua, na jina lake linakupa maneno yaliyokwisha kuandikwa. Jina hilo usilipake gundi upande wa mbele, maana gundi nene hung'aa na kuvuruga herufi.

Ama gundi ya unga wa ngano, inashika vizuri na ni rahisi. Mende na wadudu wa vitabu wanaipenda kuliko wewe. Kwa kazi unayotaka ikae, tumia nyeupe ya dukani.

Meza ya kudumu au studio ya kwenye sinia

Picha za studio za watu mtandaoni humfanya mtu aamini kwamba bila chumba hakuna sanaa. Daftari la A4 likifunguliwa huchukua sentimita 42 kwa 30. Ongeza nafasi ya chupa mbili za maji na kisahani cha rangi upande wa mkono unaochorea, na sentimita 70 kwa 45 zinatosha. Daftari la A5 lililofunguliwa huingia ndani ya sinia kubwa la wali, na nafasi ya kikombe inabaki.

Meza ya kudumu ina ushindi mmoja mkubwa: kazi mbichi inaachwa wazi hadi ikauke. Ukichora kwa tabaka nyingi, au ukibandika vitu vinavyohitaji kubanwa usiku kucha, utaihitaji. Madhara yake ni kwamba katika nyumba ya watu wengi haibaki ya kuchorea. Wiki ya pili ina pasi juu yake, ya tatu ina vitabu vya watoto.

Sinia, au boksi la viatu lenye kifuniko, linafunguliwa ndani ya dakika mbili na kufungwa kwa dakika mbili. Linabeba daftari moja, kalamu mbili, brashi namba 6 na namba 2, rangi tatu, gundi, mkasi, kitambaa na chupa mbili zenye vifuniko: ya kuoshea brashi na ya maji safi. Ukitumia chupa moja, njano yako itakuwa kijani kibichi kabla hujafika katikati. Na kwa sababu linahama, linaufuata mwanga, jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko vitabu vya Ulaya vinavyosema. Huko wachoraji hushauriwa dirisha la kaskazini mwaka mzima. Kusini mwa ikweta, kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba ni dirisha la kusini ndilo lisilopigwa na jua moja kwa moja. Baada ya hapo, kwa Nairobi, Dar es Salaam au Mwanza, jua linahamia upande huo kwa miezi kadhaa. Dirisha la mashariki hufaa alasiri, la magharibi asubuhi. Meza isiyohama italazimika kuwekewa pazia jeupe jepesi; sinia unalibeba tu.

Usiku, taa ya njano hufanya njano ionekane nyeupe na buluu ionekane kijivu, na asubuhi unashangaa ulichopaka. Balbu ya LED nyeupe ya kelvini 5000 hivi (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) hutibu hilo. Iweke upande usio wa mkono unaochorea, kivuli kisiangukie kazi. Umeme ukikatika na mna taa ya kuchaji tu, fanya kazi ya kalamu na kubandika, rangi iache hadi mchana.

Kama nyumba ina watu watatu au zaidi na hakuna chumba cha ziada, chukua sinia bila kujadiliana sana. Ukurasa mbichi utaukausha kwa kulisimamisha daftari wazi juu ya kabati, likishikwa na vibanio viwili vya nguo. Anayeishi peke yake na anapenda akriliki au kubandika vitu vinene, aweke meza.

Ukurasa kwa siku au visanduku vya wiki

Ukurasa mmoja kila siku unampendeza mwenye saa tulivu isiyoingiliwa. Kwa wengine unakuwa deni: ukikosa siku mbili, kurasa mbili tupu zinakutazama, na wengi huacha hapo. Kwa daftari la A4, zigawe kurasa mbili zilizo wazi kwa penseli ziwe visanduku 8, vinne juu na vinne chini, kila kimoja karibu sentimita 10 kwa 15. Saba ni vya siku, kimoja ni cha tarehe na jaribio la rangi za wiki hiyo. Kisanduku cha ukubwa huo kinajazwa kwa dakika 10 hadi 15: umbo la ndizi sokoni, tiketi ya daladala au ya matatu, rangi ya anga saa kumi na mbili jioni, sentensi moja uliyoisikia foleni. Kilichorukwa kipake rangi moja iliyobaki kwenye kisahani na uendelee. Ikifika Jumapili kitaonekana kama kilipangwa.

Kwa mfumo huu kidaftari cha kurasa 16 cha A5 hakitoshi visanduku vinane kwa kurasa mbili. Gawa viwe vinne, na kila jozi ya kurasa ichukue nusu wiki. Kitaisha ndani ya mwezi mmoja hivi, na manila moja kubwa iliyobaki itakuwa inasubiri kukatwa.